Mashine Iliyoacha Kujisukuma

4 Machi

Mdogo wangu Spana,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, isipokuwa mashine. Najua utasema dada ameanza na mashine kabla hajauliza habari za mkeo na mtoto. Haya, mkeo hajambo? Mtoto ameota meno? Nimeuliza, tuendelee.

Ile mashine ya kukatia nyasi uliyomletea baba imeacha kujisukuma. Injini inawaka vizuri na kisu kinakata, lakini ukibana kile chuma cha kwenye mpini magurudumu hayaendi. Yamekaa tu kama mgeni aliyeshiba. Iliacha yenyewe, ghafla, mwezi uliopita.

Nilidhani baba ataiweka pembeni na kupumzika. Unakumbuka daktari alivyosema: moyo umepanuka, kazi nzito basi. Wewe mwenyewe uliileta hiyo mashine kwa sababu hiyo, ili afuate nyuma tu kama mtu anayetembea. Sasa anaisukuma kwa kifua. Uwanja wa chuo unaujua, pale mbele ya madarasa ni tambarare, halafu kuna ule mteremko wa kwenda maktaba. Kushuka si neno. Wakati wa kupanda anasimama kila baada ya hatua chache, anainama, anajifanya anakagua kisu. Kisu hakina kitu.

Nimemwambia aache, kasema nyasi hazisomi cheti cha daktari. Nimemwambia amwombe mkuu wa chuo atafute mtu mwingine, kasema mashine haijafa, imechoka tu, na yeye amechoka miaka mingi na hakuna aliyemfukuza. Unamjua mwenyewe.

Simu naiogopa. Nyumba hii ukipiga chafya chumbani unajibiwa jikoni. Kwa hiyo niandikie, taratibu, kama unamweleza mtu asiyejua kitu, jinsi ya kuirudisha ijisukume. Spana zako ulizoacha ninazo, na mikono yangu imezoea vitu vidogo. Nitaifanya mchana baba akiwa amelala, maana hataki mtu aiguse.

Tafadhali usikawie. Nikiwa hapa barazani kwenye cherehani naisikia injini ikiwaka kule chuoni, na nashindwa kunyoosha hata mshono mmoja.

Dada yako,
Sindano

12 Machi

Dada Sindano,

Mke hajambo, anakusalimu. Mtoto ana meno mawili na anayatumia kwa yeyote anayemkaribia, hana ubaguzi.

Usiogope, mashine kuacha kujisukuma ni ugonjwa wa kawaida kama mafua. Anza na waya unaotoka kwenye kile chuma cha mpini kwenda chini. Bana chuma, mtu mwingine aangalie kama waya unavuta kitu huko mwisho. Ukiwa umelegea, kuna skrubu ya kuukaza hapo kwenye mpini. Kama waya mzima, ondoa kifuniko cha plastiki nyuma ya injini uutazame mkanda. Huo mkanda ndio unaochukua nguvu ya injini na kuipeleka kwenye boksi la gia. Ukiwa umeng'aa kama kiatu cha bwana harusi, unateleza, haushiki. Nimekuwekea mpya kwenye kifurushi hiki, pamoja na mchoro. Usicheke mchoro wangu, wewe ndiye uliyekuwa ukinifanyia kazi za kuchora shuleni.

Mkanda ukiwa mzima na waya mzima, zinabaki gia za kwenye magurudumu. Ndani ya kila gurudumu la nyuma kuna gia ndogo, na ndani ya gia kuna kipande cha chuma kinachong'ata shafti, ile fito inayozungusha magurudumu. Hapo usiguse bado. Hata baba nilimwonya nilipoileta: asifungue magurudumu, asitie grisi, maana yule mzee akipewa nafasi atatia grisi hata kwenye chai.

Swali moja, na unijibu kweli. Kuna mtu aliyefungua magurudumu? Kama hakuna, basi ni waya au mkanda tu. Kama yupo, mambo ni mengine kabisa. Fundi aliye mbali anatengeneza kwa maneno ya mgonjwa, na wanasema mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwambie baba asisukume. Najua hatasikia, lakini mwambie tena kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Spana

20 Machi

Mdogo wangu,

Kifurushi kimefika. Waya ni mzima, unavuta vizuri. Mkanda wa zamani nao naona ulikuwa mzima, lakini nimeshafunga mpya, nililala chali chini ya meza ya kukatia nguo na kucha zimekuwa nyeusi hadi mteja mmoja akaniuliza kama nimebadilisha kazi. Hakuna tofauti. Injini inanguruma, magurudumu yamenuna.

Swali lako: hakuna aliyefungua magurudumu. Nani afungue?

Jumatatu baba alikaa chini katikati ya mteremko. Hakuanguka, alikaa, kama mtu aliyechagua mahali. Wanafunzi walipita wakamsalimia, akawaitikia, wakadhani mzee anapunga upepo. Mimi nilikuwa nakuja nikamwona kwa mbali. Nilipofika, midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu na mkono wake umeshika majani, ameyang'ang'ania. Nikamwambia twende nyumbani. Akasema ngoja nimalize kipande hiki. Na akamaliza! Nilisimama pale nikamtazama akimaliza.

Spana, sina amani. Ninashona nikifumua. Naomba uniambie jambo moja. Kama ingekuwa mtu amefungua magurudumu, nasema kama, angepaswa kuangalia nini wakati wa kurudisha? Niandikie hilo haraka, hata kama halihusiki.

Sindano

22 Machi

Mwanangu,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na mama mtoto na huyo mwenye meno. Mimi ni mzima kwa kiasi changu. Nakuandikia mwenyewe na dada yako hajui, ametoka kupeleka nguo za watu.

Mashine uliyonipa nimeiharibu. Dada yako anakwambia imeacha yenyewe, nami sikumsahihisha. Uliniambia nisifungue magurudumu, nikafungua. Yalikuwa yanalia, na mimi chuma kikilia siwezi kupita kama sikusikia. Nilitia grisi nikafunga vizuri, au nilidhani nimefunga vizuri. Ilienda siku chache, kisha asubuhi moja ikakataa.

Maisha yangu yote nimefungua vitu na kuvirudisha. Baiskeli, pampu, cherehani ya marehemu mama yenu, ile ambayo dada yako anaishonea mpaka leo. Sijawahi kufungua kitu kikanishinda kukifunga. Hiki kimenishinda.

Tena imezidi. Mwanzo ilikuwa haijisukumi, lakini ilisukumika. Baada ya siku kadhaa ikawa nzito ajabu. Ukiivuta nyuma inakuja kama mtoto aliyeitwa, ukiisukuma mbele inakaza, kama kuna mtu ameishika kwa chini. Sijaifungua tena tangu siku ile ya grisi. Naogopa nitaongeza mengine.

Juzijuzi nilimwona dada yako amelala chini ya meza akibadilisha mkanda. Nikarudi kitandani nikajifanya nimelala. Niliona aibu, mwanangu. Mtoto anachafuka kutengeneza alichoharibu baba yake, na baba yake anakoroma kwa makusudi.

Usimwambie. Nitaisukuma mpaka nyasi za msimu huu zipungue, kisha nitajua la kufanya. Nilikuona unavyofurahi siku uliyoileta, ndiyo maana sikuweza kukuandikia mapema.

Baba yako

30 Machi

Dada,

Nimepata ugonjwa. Kaa chini usome.

Gia ndogo za magurudumu zimebadilishwa, ya kushoto iko kulia na ya kulia iko kushoto. Zinafanana kama mapacha, lakini kile kipande cha chuma ndani yake kinang'ata upande mmoja tu. Ukiziweka kinyume, injini inazungusha shafti, shafti inateleza ndani ya gia, gurudumu halisikii kitu. Lakini ukisukuma wewe kwa mkono, hapo ndipo zinang'ata, na unakuwa unasukuma magurudumu pamoja na boksi zima la gia. Ndiyo maana nyuma ni nyepesi na mbele ni nzito. Hakuna ugonjwa mwingine wenye dalili hiyo.

Umenificha, nami naelewa kwa nini. Ulisema hakuna aliyefungua, kisha ukauliza "kama". Ulikuwa unamsitiri baba. Ameniandikia mwenyewe. Alifungua akatia grisi, na wakati wa kurudisha akachanganya pande. Anasema hajafungua tena baada ya hapo, lakini mashine ilibadilika baadaye, kwa hiyo lazima alifungua tena akasahau. Umri, dada. Amenikataza nisikwambie, nami nakwambia kwa sababu mashine haitajifungua yenyewe.

Fanya hivi. Ng'oa nati ya katikati ya gurudumu, toa gurudumu, toa kilipu kinachoshika gia kwa bisibisi nyembamba, angalia kisiruke kikapotea. Futa grisi yote. Gia ya kulia ihamie kushoto, ya kushoto ihamie kulia. Kabla hujafunga gurudumu, zungusha gia kwa kidole kuelekea mbele. Ikienda huru ikilia tri-tri-tri, umepatia. Irudishe nyuma, ing'ate.

Baba usimwambie kitu. Nimemwandikia kwamba ni mkanda, ulitoka kiwandani na kasoro. Mwache aamini hivyo. Mzee wa watu amekuwa akijilaumu peke yake, inaniuma sana. Na tuseme ukweli kati yetu, kama mikono imeanza kumsahau, labda ni heri aanze kufikiria kuacha kazi.

Spana

7 Aprili

Mdogo wangu,

Inaenda. Nilifanya kama ulivyosema, ikalia tri-tri-tri, nikaifunga, nikaiwasha uani. Nilipobana kile chuma iliondoka na mimi nikaifuata nusura niingie kwenye kamba ya nguo.

Baba alitoka akaiangalia. Akauliza ni wewe? Nikasema ni mkanda. Akasema vizuri, akarudi ndani.

Asante. Mikono yako ibarikiwe.

Sindano

15 Aprili

Spana,

Usijibu barua ile ya wiki iliyopita, jibu hii.

Baba ameacha kazi. Barua yako ya mkanda aliisoma barazani, akaikunja, akasema, "Mtoto amejifunza kusema na wazee." Kesho yake akavaa shati la kutokea akaenda kwa mkuu wa chuo. Amerudisha funguo za stoo na ile overoli. Nami sikukuandikia hilo wiki iliyopita kwa sababu, Mungu anisamehe, nilikuwa nimefurahi.

Sasa anakaa nyumbani. Anapumua vizuri, miguu imepungua uvimbe, daktari amempima akasema huyu ndiye mgonjwa ninayemtaka. Kila kitu nilichokitaka nimekipata.

Leo nimempa mkasi wangu anoe. Hajawahi mtu mwingine kunoa mkasi wangu tangu nianze kushona. Akaushika, akaugeuza, akanirudishia. Akasema, "Peleka kwa fundi, mwanangu. Mimi nitakuharibia." Alisema kwa upole kabisa. Nikaingia chumbani nikajifunika uso kwa kitambaa cha mteja.

Sio yeye, Spana. Ni mimi.

Mwezi wa pili, baada ya kutoka kwa daktari, nilimbembeleza aache kazi akanicheka. Nikajua mashine ndiyo inayomtia kiburi. Mchana mmoja akiwa amelala nikafungua magurudumu, nikazitoa zile gia mbili nikazificha kwenye kopo la vifungo. Nikasema mashine ikikataa, atakaa. Grisi niliiona, nilidhani ndivyo mashine ilivyo. Kumbe mzee aliiona mashine imekataa akajua ni grisi yake, na akaanza kuisukuma kama mtu anayelipa kosa. Mimi nikidhani ni ubishi.

Nilipoona anasukuma kweli, sikuvumilia, nikazirudisha. Kwa siri vilevile. Nilikuwa nimezifuta na kuzifunga pamoja kwenye kitambaa kimoja. Mimi, ambaye siwezi kuchanganya mkono wa kushoto wa koti na wa kulia hata nikiwa na homa! Chuma nikakiona ni chuma, kipande na kipande. Ndipo ikawa nzito. Yaani niliitia uzito kwa mikono yangu mwenyewe, kisha nikakuandikia imeacha yenyewe. Uliniuliza waziwazi nikakujibu hakuna. Ningekujibu kweli siku ile, asingekaa kwenye ule mteremko akishika majani.

Nilipopata barua yako, kwamba baba amekiri, kwamba umri, unajua nilihisi nini kwanza? Nafuu. Nilishukuru. Mtu amebeba mzigo wangu bila kuuliza ni wa nani, nami nikamwacha aende nao.

Sasa niambie nifanye nini. Nikimwambia, atarudi uwanjani kesho yake, na moyo wake unaujua. Nisipomwambia, ataishi, lakini ataishi akijitazama mikono. Anaitazama, Spana. Anakaa na kikombe cha chai anaitazama.

Dada yako

24 Aprili

Dada,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Za kwanza zilikuwa na matusi, ushukuru hazikufika.

Nimekasirika sana. Nimekuwa nikikusifia kwa watu hapa karakana, kwamba dada yangu mshonaji anafunga mkanda wa mashine chini ya meza. Kumbe ulikuwa unatafuta njia ya kuficha mkono wako.

Lakini nimerudia barua ya baba. Aliandika, kwa mwandiko wake ule wa kusimama, kwamba hajaifungua tena tangu siku ya grisi. Aliandika kwamba mwanzo ilisukumika na baadaye ikawa nzito. Fundi yeyote akiletewa maelezo hayo na mteja angejua kuna mtu wa pili aliyeingiza mkono. Mimi nilijua, nikasema baba amesahau. Mteja ningemwamini. Baba yangu sikumwamini, kwa sababu ana mvi. Halafu nikamtungia hadithi ya kiwanda, mtu aliyenifundisha kushika spana kabla sijajua kushika kalamu. Wewe ulimficha, mimi nilimdharau, na barua yangu ndiyo iliyomtoa kazini. Kwa hiyo sina pa kusimama nikakuhukumu.

Unaniuliza ufanye nini. Sijui. Ningekuwa hapo ningesema kwa sauti kubwa, lakini niko mbali na maneno ya mtu wa mbali ni rahisi. Ukinyamaza akaishi miaka mingi, nitashukuru na sitakuuliza. Ukimwambia akarudi uwanjani na likatokea la kutokea, sitakulaumu, nakuapia. Ila mimi simdanganyi tena. Akiniandikia kuniuliza, nitamjibu.

Nafikiri ni moyo wake, na yeye ndiye mwenye haki ya kuamua autumie vipi. Lakini nafikiri hivyo leo. Jana nilifikiri vingine.

Mdogo wako,
Spana

11 Mei

Mwanangu,

Dada yako ameniambia. Nilikuwa nimeinama nafunga viatu, akasimama mlangoni akasema yote kwa mkupuo mmoja kama mtu anayetapika, kisha akakimbilia ndani. Nilimsikia analia. Sikumfuata.

Kwanza nilicheka, ndiyo, peke yangu, na kiatu kimoja mguuni. Mikono yangu haikuwa na kosa! Nilitoka uani nikafungua gurudumu la kushoto palepale, nikatoa gia, nikairudisha nikiwa nimefumba macho. Ikaingia kama mtu anayerudi kwake. Kuhusu grisi ulisema kweli, inakusanya mchanga. Hilo nakupa.

Hasira ilikuja baadaye, nikiwa nakunywa chai.

Nimerudi chuoni. Mkuu wa chuo alikuwa hajapata mtu, au alisema hivyo kwa adabu. Daktari amekunja uso. Nimemwahidi nitaifuata mashine, sitaisukuma, na ikikataa tena nitaiacha ilipo nirudi nyumbani. Akasema moyo hauna vipuri, nikamwambia najua, lakini huu wangu ulikuwa unaoza kitini. Hatukukubaliana, tuliagana vizuri tu.

Utaniuliza kama nimemsamehe dada yako. Kufungua mashine nimemsamehe, alitaka niishi. Kunificha pia, maana mimi nilificha grisi na wewe ulinifichia kwa mkanda, na nyani haoni kundule. Barua yako ile ya kiwandani iliniuma kuliko mteremko, nakwambia ili ujue, kisha tuiache.

Kinachonishinda ni maji. Hili hakukuandikia, nadhani. Siku zile nikisukuma, kila nilipofika juu ya mteremko nilimkuta amesimama na chupa. Ameacha cherehani, ameacha wateja, ametembea juani. Ananishikia chupa ninywe, ananifuta shingo kwa upande wa kanga yake. Nami nikijisemea, mama yao angekuwepo aone mtoto aliyeniachia. Namshukuru, nageuka, nasukuma tena. Naye alikuwa anajua! Alinitazama nikigeuka na mashine aliyoitia uzito mwenyewe, akafunga kizibo cha chupa. Maji yale ninayahisi kooni mpaka leo, na sijaweza kumsemesha. Nakula anachopika, naitikia salamu, basi.

Tangu nirudi kazini amekuwa akija vilevile. Anasimama juu ya mteremko na chupa yake. Mimi nampita na mashine yangu inayojiendea, natazama mbele kama askari. Haniiti, wala haondoki. Nikienda duru nyingine nikirudi, yupo.

Jana jua lilikuwa kali sana. Nilipofika juu nilimtupia jicho, nikaona midomo yake imekauka, imepasuka, na chupa imejaa mpaka shingoni. Ametoka asubuhi na hajagusa tone. Nilimpita. Nilifika kwenye ukuta wa maktaba, nikageuza, nikarudi, na mara hii nikazima mashine.

Nikaichukua chupa mkononi mwake, nikaifungua, nikamwambia anywe yeye kwanza.

Baba yako